Elimu ya Wajapani wa Kale: Kweli au Chumvi?

Bila shaka umeshakaa kwenye semina ya kazini, mtoa mada akasafisha koo na kuanza: "Wenzetu Wajapani bwana..." Kinachofuata unakijua. Utasikia habari za samurai, za mtoto aliyesoma huku amebeba kuni, na za nidhamu iliyomo kwenye damu. Baadhi ya visa hivi ni vya kweli kabisa. Vingine vimetiwa chumvi hadi haviliki tena. Leo tunavipima kimoja kimoja.

Dai la 1: Samurai alijua upanga tu, kalamu haikumhusu

SI KWELI. Mwaka 1615 utawala wa Tokugawa ulitoa sheria za kuongoza koo za kijeshi, na kifungu cha kwanza kabisa kiliwataka wajifunze maandiko sambamba na kulenga mishale na kupanda farasi. Sababu ilikuwa wazi. Vita vikubwa vilikuwa vikielekea ukingoni, na amani iliyofuata ilidumu zaidi ya karne mbili. Mpiganaji asiye na wa kupigana naye lazima atafutiwe kazi, na samurai wengi wakawa maofisa na makarani: waliandika barua za serikali, walikagua hesabu za mpunga, walisimamia mifereji na barabara. Tawala za majimbo zikafungua shule za kuwaandaa vijana wao, na kufikia katikati ya karne ya 19 shule hizo zilizidi 200.

Ile picha ya shujaa anayeishi na kufa kwa upanga imesambazwa sana na kitabu cha Nitobe Inazo, "Bushido", kilichochapishwa Philadelphia mwaka 1900. Kiliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa nje, wakati tabaka la samurai lilikuwa limeshafutwa kwa zaidi ya miaka 20.

Dai la 2: Japani ya zamani kila mtu alijua kusoma

CHUMVI IMEZIDI. Ukweli uliopo ni huu: shule ndogo zilizoitwa terakoya zilienea mijini na vijijini, na watoto wa wakulima, mafundi na wauza maduka walisoma humo. Mwalimu angeweza kuwa samurai asiye na ajira, kasisi wa hekaluni, mfanyabiashara au hata mwanamke. Masomo yalifuata maisha ya mtoto. Wa muuza duka alijifunza majina ya bidhaa na namna ya kuandika barua ya biashara. Wa mkulima alijifunza majina ya vijiji vya jirani na kazi za misimu. Hesabu walipiga kwa soroban, ubao wa shanga za kuhesabia, na kitabu maarufu cha hesabu, "Jinkoki", kilikuwa sokoni tangu 1627.

Lakini "kila mtu"? Hapana. Serikali mpya iliyoupokea utawala wa Tokugawa ilipopima nani anaweza kuandika jina lake, katika mkoa wa Shiga mwaka 1877 waliweza takriban wanaume tisa kati ya kumi, lakini wanawake wanne tu kati ya kumi. Kagoshima, kusini, mwaka 1884, waliweza kama theluthi moja ya wanaume, na wanawake hawakufika hata mmoja kati ya 20. Na kuandika jina lako ni jambo moja. Kusoma tangazo la serikali ukalielewa ni jambo jingine.

Dai la 3: Japani ilijifungia, haikujua lolote la nje hadi meli za Marekani zilipofika 1853

SI KWELI. Mlango ulibanwa, haukuzibwa. Waholanzi walifanya biashara kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki, tangu 1641. Wachina nao walikuwepo mjini humo, na njia za kwenda Korea na Ryukyu zilibaki wazi. Mwaka 1720 Shogun Yoshimune alilegeza marufuku ya vitabu vya kigeni, ilimradi visihubiri Ukristo.

Kilichofuata kinastahili kusimuliwa kwenye semina kuliko habari za panga. Mwaka 1771 tabibu Sugita Genpaku na mwenzake Maeno Ryotaku walikwenda Kozukappara, mahali pa kunyongea wahalifu mjini Edo, kushuhudia maiti ikipasuliwa. Kila mmoja alikuja na nakala ya kitabu kilekile cha Kiholanzi chenye michoro ya mwili. Walilinganisha mchoro na kiungo, kiungo na mchoro, wakaona kitabu kinasema kweli na mafundisho waliyorithi yamekosea. Aliyeshika kisu hakuwa tabibu. Alikuwa mzee wa tabaka lililodharauliwa, aliyevijua viungo kwa uzoefu wa mikono yake.

Sugita hakujua Kiholanzi. Hata hivyo yeye na wenzake walikivamia kitabu hicho neno kwa neno, na mwaka 1774 tafsiri yao, "Kaitai Shinsho", ikachapishwa. Miaka 64 baadaye Ogata Koan alifungua shule ya Tekijuku mjini Osaka, ambako wanafunzi walipokezana kamusi moja ya Kiholanzi usiku na mchana. Mmoja wao, Fukuzawa Yukichi, ndiye aliyekuja kuwahimiza Wajapani kuanzia 1872 waanze na elimu ya kutumika: barua, hesabu za biashara, soroban na mizani.

Dai la 4: Kijana Ninomiya alisoma kitabu huku akitembea na mzigo wa kuni

HAIJATHIBITIKA. Sanamu yake ilisimamishwa kwenye viwanja vya shule nyingi za msingi: mtoto, kuni mgongoni, kitabu mkononi. Ninomiya Sontoku (1787–1856) ni mtu wa kweli, mtoto wa mkulima aliyefiwa na wazazi wote wawili akiwa bado kijana. Lakini habari za utoto wake zimetoka hasa kwenye wasifu ulioandikwa na mwanafunzi wake baada ya yeye kufa, na mchoro wa mtoto mwenye kuni ulipata umaarufu kupitia kitabu cha 1891. Baadaye serikali ikamwingiza kwenye vitabu vya maadili ili watoto wajifunze utii na bidii.

Inasikitisha, kwa sababu Ninomiya mtu mzima anavutia zaidi kuliko yule wa sanamu. Alipokabidhiwa eneo lililofilisika la Sakuramachi katika miaka ya 1820, alianza kwa kupekua kumbukumbu za mavuno na kodi za miaka mingi. Kisha akamtaka bwana wa eneo lenyewe akubali ukomo wa matumizi, ili ziada irudi shambani. Alianzisha pia mifuko ya kukopeshana kwa kuaminiana, ambayo mwanachama yeyote wa VICOBA angeielewa bila kufafanuliwa. Bidii aliihubiri, lakini alimdai kiongozi hesabu kabla ya kumdai mkulima jasho.

Dai la 5: Ukipita hamsini, kichwa hakishiki tena

SI KWELI, na shahidi ni Ino Tadataka. Alikuwa mfanyabiashara wa pombe ya mchele na nafaka mjini Sawara. Akiwa na miaka 49 aliikabidhi biashara kwa mwanawe, akahamia Edo na kujifunza elimu ya nyota kwa mwalimu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 19. Mwaka 1800, akiwa na miaka 55, alianza kuipima nchi kwa miguu, na upimaji ukaendelea hadi 1816. Alifariki 1818, wenzake wakaikamilisha kazi mwaka 1821. Ramani kubwa peke yake ilikuwa na karatasi 214.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mtoto hawakukosea. Ila wahenga haohao walisema elimu haina mwisho, na kwa Ino ndiyo methali iliyoshinda.

Dai la 6: Ukitaka kuishi sana, inuka mezani kabla hujashiba

KWELI KWA SEHEMU. Hapa tuwavulie wazee kofia. Kaibara Ekiken, msomi wa Fukuoka, alitoa kitabu chake cha kutunza afya, "Yojokun", mwaka 1713 akiwa na miaka 83. Alisisitiza kula kwa kiasi, kutembea baada ya chakula na kutuliza hasira. Msomaji Mwislamu ataikumbuka hadithi ya kuacha theluthi ya tumbo kwa ajili ya pumzi.

Sayansi inasemaje? Utafiti wa CALERIE nchini Marekani uliwafuatilia watu wasio na unene wa kupindukia kwa miaka miwili. Waliopunguza chakula walifikia upungufu wa wastani wa kama asilimia 12, na shinikizo la damu na lehemu vikawa afadhali. Hilo halithibitishi kuongezeka kwa miaka ya kuishi, lakini moyo ulinufaika. Onyo moja: Ekiken alipanga pia idadi ya mara za tendo la ndoa kulingana na umri. Ushauri huo hauna ushahidi, uache kitabuni.

Dai la 7: Kaizen ni hekima ya kale ya samurai

SI KWELI. Mbinu hii ya kuboresha kazi kidogo kidogo, ambayo katika hospitali za Tanzania imeingia pamoja na 5S, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi, ilikulia viwandani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wamarekani walileta mafunzo ya wasimamizi wa kazi, na mwaka 1950 W. Edwards Deming alitoa mihadhara ya kudhibiti ubora kwa takwimu. Kampuni kama Toyota zikayachukua, zikayachanganya na ubunifu wa mafundi wao na kuyaboresha. Kama kuna kitu cha kale humo, ni tabia ileile ya Sugita: chukua kitabu cha mgeni, kipime kwa macho yako, kisha kitumie.

Kwa hiyo, semina ijayo mtoa mada akisema nidhamu ya Wajapani imo kwenye damu, mwulize kwa heshima: mbona Shiga na Kagoshima zilitofautiana hivyo, na damu ni ileile? Kilichotofautiana ni nani alifundishwa na nani aliachwa. Shule, walimu na vitabu vinajengwa, na vinajengeka popote.