Sura ya Tano: Maziwa ya Moto Kwenye Friji

Katika vichochoro vya Kariakoo, ukiona kibao cha "Barafu zipo" kimeegeshwa mlangoni, ujue ndani kuna friza na mama anayejua kazi yake. Ubuyu anauchemsha na sukari, anauchuja, anauacha upoe, kisha anaumimina kwenye vifuko vyembamba, anavifunga fundo na kuvipanga safu kwa safu. Kazi yote ni nyepesi isipokuwa ile ya katikati, kusubiri upoe. Wanafunzi wanakaribia kutoka shule, na sufuria bado inafuka mvuke. Je, akiuweka ukiwa wa moto itakuwaje?

Swali hilo limewashughulisha wanafizikia wa dunia kwa zaidi ya nusu karne, na jina lake ni la Mtanzania.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja, Mpemba akiwa bado anachemsha, mwenzake aliamua kuacha kuchemsha kabisa; akakoroga maziwa yake na sukari, akawahi. Mpemba akaona akisubiri ataikosa trei ya mwisho. Akayaweka ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu walifungua: ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini alimweleza kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa kuwa huganda upesi. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba aliuliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ndipo akaja mgeni, mwanafizikia Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba alisimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka, akauliza: vyombo viwili sawa, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini cha nyuzi 100 hutangulia kuganda?

Chuo alikotoka Osborne kilizaliwa jirani kabisa na Kariakoo. Kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Osborne alirudi huko na kumwagiza fundi wa maabara apime. Fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Walirudia, na jibu likabaki lilelile. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka, walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la *Physics Education*.

Walimu wa Mpemba hawakuwa wajinga. Hoja yao ni hii: maji ya nyuzi 100, kabla ya kuganda, lazima yapite nyuzi 35. Yakifika hapo, yako sawasawa na yale yaliyoanzia 35, ila yamechelewa. Basi yatayapitaje?

Kosa limejificha kwenye neno "sawasawa". Maji yaliyoshuka kutoka 100 hayafanani na yaliyotulia kwenye 35, hata wastani wa joto ukilingana. Sehemu yake imepotea kama mvuke. Ndani yake kuna mikondo, maji ya juu yana joto na ya chini yamepoa. Chombo cha moto kinaweza pia kuyeyusha ukoko wa barafu chini yake na kugusana vizuri zaidi na ubaridi wa friza. Osborne aliziba njia hiyo ya mwisho kwa kuweka vyombo juu ya povu gumu, na bado maji yaliyoanzia karibu nyuzi 25 yalichelewa kuliko yaliyoanzia karibu nyuzi 90. Alipofunika uso wa maji kwa utando wa mafuta, kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Joto, basi, lilikuwa likitokea juu.

Ubishi haukuisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, huko Uingereza, walipima upya kwa uangalifu na hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kubadili jibu.

Mwaka uliofuata hesabu ikaingia. Zhiyue Lu na Oren Raz waliachana na maji, wakauliza swali pana zaidi: je, kitu chochote chenye joto zaidi kinaweza kupoa upesi kuliko chenye joto kidogo? Walipata kwamba kinaweza, na sababu yake mtu wa Kariakoo ataielewa haraka. Aliye Mtaa wa Kongo yuko karibu na Kivukoni kuliko aliye Magomeni. Lakini wa Kongo amekwama kati ya mikokoteni na wapita njia, na wa Magomeni amepanda mwendokasi lenye njia yake peke yake. Vivyo hivyo, kitu hupoa kwa njia kadhaa kwa pamoja, na ile ya polepole ndiyo inayoamua muda wa kufika. Inaweza kutokea kwamba hali fulani ya moto zaidi haigusi kabisa njia hiyo ya polepole.

Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, walilithibitisha hilo kwa kitone cha kioo chenye upana wa sehemu moja na nusu ya elfu ya milimita, kilichosukumwa na mwanga wa leza ndani ya maji. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliona jambo la jamii hiyo kwenye ayoni 12, katika ulimwengu wa kwanta. Wote wanaliita kwa jina la Mpemba.

Nawe unaweza kupima. Chukua vikombe viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kimoja, kimoja cha bombani na kingine cha moto. Viweke juu ya kipande cha povu, kwenye friza moja, vipimajoto viwili kwa kina kilekile. Andika saa ya kuanza kuganda, kisha vibadilishe nafasi na urudie mara kumi. Kikitangulia cha moto, andika. Kikitangulia cha baridi, andika vilevile, kwa herufi za ukubwa uleule.