Kinachoua samaki wako ki changaraweni

“BABA, mbona huyu samaki amelala ubavu?”

Swali hilo niliulizwa na binti yangu wa Gredi ya Tano asubuhi moja ya Jumapili, hata chai haijaiva. Nilisogea kwenye tangi la kioo lililo pembeni mwa sebule yetu. Kweli, mmoja wa wale samaki sita wa dhahabu tuliokuwa tumewanunua wiki tatu tu zilizotangulia alikuwa akielea, macho wazi, mapezi yamegandamana na mwili.

Jambo lililonishangaza ni kwamba maji yalikuwa maangavu kama ya chemchemi. Ungeweza kusoma gazeti ukiwa upande wa pili wa tangi. Sasa samaki ameuawa na nini?

Kama baba yeyote anayetaka kuonekana mjuzi mbele ya wanawe, sikuuliza mtu. Nilimwaga maji yote, nikazoa changarawe na kuzisugua kwa sabuni ya unga hadi zikameta, nikajaza maji mapya moja kwa moja kutoka mferejini, kisha nikawarudisha wale watano waliosalia. Nilijipongeza. Kufikia Jumanne jioni, watatu zaidi walikuwa wamekufa.

Binti yangu hakulia. Alikaa tu mbele ya tangi, akiwatazama wawili waliobaki wakihema juu ya maji. Kimya chake kiliniuma kuliko kilio.

Siku iliyofuata nilirudi dukani. Mwenye duka, mzee mpole ambaye ameuza samaki wa mapambo kwa miaka mingi, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “wewe hukusafisha nyumba ya samaki. Umeibomoa wao wakiwa ndani.”

Akaingia nyuma ya kaunta na kutoka na bomba pana la plastiki angavu lililounganishwa na mpira mwembamba. Hiyo ndiyo saifoni ya changarawe, chombo rahisi ambacho wengi wetu hatukijui. Laiti ningekijua mapema!

Adui asiyeonekana

Katika mto au ziwa, kinyesi cha samaki husambaa katika maji mengi. Katika tangi la sebuleni hakina pa kwenda. Huzama pamoja na mabaki ya chakula na vipande vya majani, kikajificha katikati ya changarawe. Huko huoza na kutoa amonia, sumu inayochoma mashavu ambayo samaki hupumulia. Amonia haina rangi. Ndiyo maana maji yanaweza kung’aa na bado yakaua.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa samaki wa nyumbani, kimlacho ki changaraweni mwake.

Hata hivyo, si kila kilichomo humo ni adui. Mna bakteria wenye manufaa. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu. Kundi jingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mradi isizidi. Bakteria hawa hujishikiza kwenye changarawe, kwenye vioo na hasa kwenye sponji ya chujio. Tangi jipya huhitaji takribani wiki nne hadi sita kabla hawajawa wengi wa kutosha.

Bila shaka, msomaji, umeliona kosa langu. Tangi letu lilikuwa changa, na samaki sita wa dhahabu ndani ya lita 50 ni msongamano wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Samaki wa dhahabu hula sana na kuchafua sana. Isitoshe, wale bakteria wachache waliokuwa wameanza kukaa niliwaangamiza kwa sabuni na maji ya klorini.

Basi kazi iliyopo ni moja yenye pande mbili: kuutoa uchafu, na kuwaacha bakteria mahali pao. Saifoni hufanya yote mawili kwa pamoja, bila kumtoa samaki hata mmoja kwenye tangi.

Siri ya bomba pana

Aliyewahi kumwona dereva akinyonya petroli kutoka kwa tangi la gari kwa mpira anajua saifoni ni nini. Mpira ukishajaa, na mwisho wake ukawa chini kuliko usawa wa maji yaliyomo tangini, maji yatapanda ukingo na kuteremka yenyewe bila pampu wala umeme. Kadiri ndoo inavyokuwa chini zaidi, ndivyo maji yanavyokwenda kasi.

Lakini kwa nini bomba liwe pana chini na mpira uwe mwembamba juu? Wanafunzi wa fizikia, hapa ndipo penu. Tuseme bomba lina upana wa sentimita 5 na mpira una tundu la sentimita 1.25. Bomba ni pana mara nne, kwa hivyo eneo la tundu lake ni kubwa mara 16. Maji yaleyale yanayopita mpirani kwa kasi hupita bombani polepole, kasi ikiwa imepungua mara 16.

Mwendo huo wa polepole hautoshi kuinua kokoto hadi juu. Huzirusharusha tu kama mahindi yanayopepetwa kwenye ungo, kisha zikaanguka kwa uzito wake. Uchafu, ambao ni mwepesi, hubebwa hadi mpirani na kuishia ndooni. Changarawe hubaki na bakteria wake.

Kuchagua iliyo bora

Usinunue kwa kutazama rangi. Kwanza pima tangi lako. Kwa tangi la urefu wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 30, bomba la upana wa sentimita 4 au 5 linatosha. Kwa tangi dogo zaidi tafuta jembamba, la sivyo utamaliza maji kabla hujamaliza robo ya sakafu. Bomba fupi mno litakulazimisha kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, ilhali refu kuliko kimo cha tangi litakusumbua kulijaza maji.

Pili, tazama mpira. Uwe mwangavu ili uone kinachopita, uwe laini ili uweze kuubana kwa vidole, na uwe mrefu wa kufika ndooni bila kukunjika. Kuna saifoni zenye kibofu cha mpira cha kuminya ili kuanzisha maji. Hizo huwafaa wanaoanza, na zinafaa pia watoto.

Zipo pia zinazofungwa kwenye mfereji, ambapo nguvu ya maji ya mferejini ndiyo inayovuta ya tangi. Hizo huhitaji mfereji wenye nguvu na humwaga maji mengi safi. Katika nyumba ambayo maji huja siku mbili kwa wiki, hiyo ni anasa. Nyingine hutumia betri: hukamata taka kwenye mfuko na kurudisha maji tangini. Hufaa kufagia juu juu, lakini naitreti hubaki palepale, kwa hivyo bado utalazimika kubadilisha maji.

Kwa mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi, saifoni inaweza kutengenezwa nyumbani. Chukua chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita, ioshe kwa maji matupu, kata kitako chake na ulainishe ukingo kwa msasa. Kisha tafuta mpira mwangavu unaoingia kwa kubana katika shingo ya chupa. Uwe mpya, kamwe usitumie mpira uliowahi kupitisha mafuta au dawa ya kunyunyizia mimea.

Siku ya kusafisha

Maandalizi huanza usiku wa kuamkia siku hiyo. Jaza mtungi wa lita 20 na uuache bila kifuniko. Maji ya mferejini hutiwa klorini ili yasituletee magonjwa, lakini klorini hiyo huchoma mashavu ya samaki na kuua bakteria wa tangi. Nyingi yake huyeyukia hewani maji yakikaa siku nzima. Lililo salama zaidi ni kutumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa katika maduka ya samaki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Asubuhi, chomoa nyaya za umeme za pampu na kipasha maji. Kipasha kikiachwa kikiwaka nje ya maji chaweza kupasuka, na mikono iliyolowa na umeme havipatani. Weka ndoo sakafuni. Iwe ndoo ya samaki pekee, isiyowahi kuona sabuni.

Sasa zamisha saifoni yote tangini hadi mapovu yaishe. Ziba mwisho wa mpira kwa kidole gumba, uutoe na kuuteremsha hadi ndooni, huku bomba likibaki ndani ya maji. Achilia kidole. Maji yataanza kukimbia. Usinyonye kwa mdomo kama yule dereva wa petroli! Maji ya tangi yana vijidudu vinavyoweza kukuharisha, na vingine husababisha vidonda vya ngozi vinavyochelewa kupona. Mwenye jeraha mkononi avae glavu au amwachie mwingine kazi hiyo.

Dunga bomba ndani ya changarawe hadi likaribie kioo cha chini. Utaona wingu la kahawia likipanda. Usishtuke, ndilo ulilolifuata. Maji yakianza kung’aa ndani ya bomba, linyanyue, changarawe zianguke, kisha usogee hatua moja. Kokoto zikipanda kupita kiasi au samaki mdadisi akisogea, bana mpira kwa vidole; mwendo utapungua mara moja.

Mimea nayo usiing’oe mizizi. Pita kandokando yake tu. Kama tangi lako lina mchanga mwororo badala ya changarawe, usidunge kabisa. Pitisha bomba sentimita moja au mbili juu yake, kwani uchafu hukaa juu ya mchanga.

Hapa ndipo wengi hukosea: maji yakifika robo ya tangi, acha, hata kama bado uchafu unauona. Kwa tangi la lita 50, hiyo ni lita 12 au 13. Safisha nusu ya sakafu leo, nusu nyingine wiki ijayo. Wala usioshe sponji ya chujio siku hiyohiyo. Ngoja siku kadhaa, na ukiiosha, tumia maji uliyoyatoa tangini, si ya mferejini.

Mwisho, gusa maji ya mtungi na ya tangi uhakikishe ujotojoto umelingana. Nairobi mwezi wa Julai maji ya mtungi huwa baridi ajabu, na samaki wa nchi za joto, waliozoea nyuzi 24 hadi 26, wataumia. Mimina polepole juu ya kisahani ili changarawe zisitifuke. Rudisha nyaya za umeme, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Hakuna tone la kupotea

Najua kuna mzazi anayeguna: maji ya kupikia yenyewe ni ya kugombania, nitayapata wapi ya samaki? Hoja hiyo ina uzito. Tunaoishi Nairobi tunategemea sana bwawa la Ndakaini, na hatujasahau jinsi mgao wa maji ulivyotubana mwaka wa 2017 mvua ilipokosekana.

Lakini lita 12 kwa wiki ni kidogo kuliko nilizomwaga mimi siku moja kwa ujinga wangu. Tena, maji ya saifoni hayatupwi. Ile naitreti inayomchosha samaki ni mbolea kwa mmea. Mimina kwenye sukuma wiki na dania zilizopandwa kwenye mikebe pale barazani, utaona tofauti. Ila maji ya tangi la samaki wa baharini usithubutu, kwa kuwa chumvi itaunguza mimea.

Na uchafu bora ni ule ambao haukuingia. Walishe samaki kiasi wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili au tatu. Kila punje wanayoiacha utaikuta changaraweni.

Kwetu nyumbani, kazi imegawanywa. Binti yangu hushika bomba, mdogo wake hulinda ndoo na kupiga kelele maji yakifika alama tuliyoichora. Mimi nimepewa jukumu la kubeba mtungi na kunyamaza.

Wale samaki wawili wangali hai. Wamenenepa, na mzee wa duka ameshanionya kwamba wakiendelea kukua watahitaji tangi kubwa zaidi. Juzi binti yangu aliniomba tununue wengine wanne wa kujaza pengo. Nilipotaka kukubali, akajijibu mwenyewe: “La, Baba. Kwanza tangi.”

Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na samaki wanne walilipa gharama yake.