Baada ya Kura Kuhesabiwa: Mkristo na Machungu ya Kushindwa Uchaguzi Zanzibar

Lugha yetu hutumia neno moja, jimbo, kwa mambo mawili. Kuna Jimbo Katoliki la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1980, linalowakusanya waamini wa Unguja na Pemba chini ya Askofu mmoja. Na kuna majimbo ya uchaguzi, ambayo kila baada ya miaka mitano huwagawa watu wa mtaa mmoja kwa rangi za bendera. Waamini wetu huishi katika yote mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila uchaguzi unapopita, maswali yanayotufikia sisi mapadre baada ya Misa hufanana. Je, kukataa matokeo ni dhambi? Aliyeshindwa analazimika kumpongeza mshindi hata kama moyo wake hauiamini hesabu? Na nitampaje mkono wa amani kanisani mtu aliyenicheka mtaani wiki nzima?

Kabla ya kujibu, tuseme wazi tunaposimama. Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa haimruhusu kleri kushiriki kwa vitendo katika vyama vya siasa, isipokuwa pale mamlaka ya Kanisa itakapoona kwamba haki za Kanisa au mafao ya wote yanadai hivyo. Hatumwelekezi mtu chama. Lakini kutokuwa na chama si kutokuwa na macho, na padre aliyekaa visiwani humu kwa muda hawezi kujidai kwamba hajaona yanayowapata watu baada ya matokeo kutangazwa.

Jeraha ni la zamani kuliko vyama vya leo. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu, na vyama vikagawana viti hata serikali isiweze kuundwa. Uchaguzi wa Juni mwaka huo ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68. Mwezi Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata takribani asilimia 54 ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP ukaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Hatuandiki haya ili kuhukumu nani alikuwa na haki. Tunataka msomaji aone kwamba hapa kwetu kushindwa hakujapata kuwa jambo la chama peke yake. Aliyeshindwa alihesabu kwamba amepoteza ardhi, kazi, heshima ya ukoo, na pengine usalama wa watoto wake. Mtu anayehofu kupoteza vyote hivyo kwa siku moja hawezi kutulizwa kwa kuambiwa kwamba uchaguzi ni kama mchezo wa mpira.

Vyama vingi viliporudi, hayati Maalim Seif Sharif Hamad aligombea urais wa Zanzibar mara sita: 1995, 2000, 2005, 2010, 2015 na 2020. Hakutangazwa mshindi hata mara moja. Alikwisha kuonja kushindwa mapema zaidi, ndani ya chama chake cha awali: alikuwa Waziri Kiongozi tangu 1984, akaondolewa Januari 1988, akafukuzwa CCM mwaka huohuo, na kuanzia 1989 akawekwa kizuizini hadi 1991. Uchaguzi wa 1995 ulimpa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Dk. Salmin Amour. Mwaka 2000 uchaguzi uliharibika katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi yakapaswa kurudia, na Januari 2001 maandamano ya kupinga matokeo yaliishia kwa risasi. Makumi ya watu walikufa, wengi wao Pemba, na takribani watu 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, ilitoa wakimbizi.

Miafaka miwili, wa Juni 1999 na wa Oktoba 2001, iliandikwa vizuri, ikatekelezwa kidogo. Lililobadilisha hali lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikaa Ikulu wakazungumza ana kwa ana, bila msuluhishi kutoka nje. Yakazaliwa Maridhiano, na kamati ya watu sita kutoka pande zote mbili ikayasimamia, akiwamo Mzee Hassan Nassor Moyo, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Mapinduzi. Wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakakubali. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikapata Mabadiliko ya Kumi: Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama kilichoshika nafasi ya pili, na Makamu wa Pili atoke katika chama cha Rais. Mawaziri nao hugawanywa kwa kadiri ya viti vya Baraza la Wawakilishi. Kwa maneno mengine, sheria ilitamka kwamba anayeshindwa kwa tofauti ndogo hafutiki.

Matunda yake yalionekana miezi mitatu baadaye, Bwawani, pale Dk. Ali Mohamed Shein alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Tofauti ilikuwa kura 3,471. Kwa hesabu kama hiyo miji mingine imechomwa moto. Maalim Seif alisimama ukumbini akayakubali matokeo. Usiku ule watu wa Kisonge, pale Michenzani, na watu wa Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, ambao kwa miaka mingi walikunywa kahawa kila mmoja kwenye kijiwe chake asikanyage cha mwenzake, walilala bila mabomu ya machozi.

Kisha ikaja 2015. Wapiga kura walipiga kura tarehe 25 Oktoba, na tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wote. Uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016 CUF iliususia, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Hakuna chama kingine kilichofikia kiwango cha kupewa Makamu wa Kwanza, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikalala. Mzee Moyo alikuwa amekwisha kufukuzwa katika chama chake miezi michache kabla ya uchaguzi.

Chama kilichoshindwa nacho kilianza kujila chenyewe, na hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri. Hasira isiyoweza kumfikia mshindi huwageukia wa nyumbani. Profesa Ibrahim Lipumba, aliyejiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015, alirudi 2016 kuudai. Msajili wa Vyama akamtambua. Ofisi zikagombewa, ruzuku ikagombewa, mashauri yakajaa mahakamani. Machi 2019 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa Profesa Lipumba, na siku hiyohiyo Maalim Seif na wenzake wakahamia ACT-Wazalendo. Katika muda mfupi kuta zilizokuwa na rangi za CUF zikapakwa zambarau. (Ndani ya chama tawala pia wapo waliopata kura nyingi Zanzibar wakaachwa Dodoma, lakini huko mlango hufungwa vizuri zaidi, na kelele hazisikiki barazani.)

Kwa hiyo, je, kukataa matokeo ni dhambi? Hapana, si kwa jinsi hiyo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1991, *Centesimus Annus*, alifundisha kwamba Kanisa linauthamini mfumo wa demokrasia kwa sababu unawapa raia nafasi ya kuwachagua viongozi wao, kuwadai hesabu na kuwabadilisha kwa amani. Basi utii tunaodaiwa ni utii kwa kura ya watu. Matokeo yakihesabiwa mbele ya mawakala, fomu zikabandikwa vituoni, na jumla ikalingana na fomu hizo, anayekataa tu kwa sababu ameshindwa anasema uongo, na uongo ni dhambi. Lakini mtu aliyenyimwa njia ya kuona hesabu hawezi kulazimishwa dhamiri yake ishuhudie asichokijua. Anachokatazwa ni njia ya kisasi, si swali lake.

Daudi anatusaidia hapa. Alijua kwamba amepakwa mafuta, na alijua kwamba Sauli anamwinda bila kosa. Mara mbili Sauli aliangukia mikononi mwake, pangoni na kambini, na mara zote mbili Daudi alizuia upanga. Sehemu hii huhubiriwa sana. Sehemu isiyohubiriwa ni kwamba Daudi hakurudi mezani kwa Sauli kana kwamba hakuna lililotokea. Alisimama mbali, akapaza sauti, akamwonyesha mfalme kipande cha vazi lake kama ushahidi, akamwomba Bwana awe mwamuzi kati yao. Alikataa damu, na alikataa pia kunyamaza. Tunadhani mahubiri mengi ya amani ya wakati wa uchaguzi, yetu sisi viongozi wa dini tukiwa ndani yake, huchukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, na maskini wanaosikiliza hulitambua hilo upesi. Baba Mtakatifu Fransisko katika *Fratelli Tutti* alilieleza vilevile: kusamehe si kumruhusu mdhalimu aendelee, na aliyeumizwa anaweza kuidai haki yake kwa nguvu zote bila kuulisha moyo wake chuki.

Uamuzi wa mwisho wa Maalim Seif una utata ambao hatutaki kuusawazisha. Oktoba 2020 Dk. Hussein Ali Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76.27, Maalim akapewa 19.87, chama chake kiliyakataa matokeo, yeye mwenyewe alikamatwa na polisi siku zile kisha akaachiwa, na familia kadhaa zilikuwa na misiba. Hata hivyo tarehe 8 Desemba aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wapo wafuasi waliolia kwa uchungu wakisema ameuza damu yao. Wapo waliosema amewaokoa vijana wasiokuwa na mahali pa kukimbilia. Sisi tunaona kwamba mtu wa miaka 77 aliyeshuhudia Januari 2001 alikuwa na haki ya kukadiria ni damu kiasi gani nyingine inaweza kuzuiwa. Tunaona pia kwamba walioapishwa pamoja naye walibaki na deni kwa wale waliozika. Miezi miwili baadaye, tarehe 17 Februari 2021, alifariki Muhimbili. Rais Mwinyi ndiye aliyetangaza msiba. Tarehe hiyo sisi Wakatoliki wa Zanzibar tunaijua kwa kilio kingine: ndiyo siku aliyopigwa risasi Padre Evaristus Mushi, mwaka 2013, asubuhi ya Dominika akienda kuadhimisha Misa.

Sasa tuje mitaani. Baada ya 1995, na tena baada ya 2016, visiwa vyetu vilijua desturi ya kususiana: kutosalimiana, kutonunua dukani kwa mtu wa chama kingine, kutokwenda harusini kwake, hata kutomzikia maiti. Waamini wetu wengi wana asili ya Bara, na wakati wa uchaguzi huwekwa njia panda. Upande mmoja huwaona wapiga kura wa kuletwa, upande mwingine huwahesabu kuwa wake bila kuwauliza. Wengine nao wamejibu kwa kususa. Hapa hatuna haja ya kupindapinda maneno. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na halina chama. Aliyekataa kwa makusudi kumzika jirani, Mwislamu au Mkristo, kwa sababu ya kura yake, amekosa dhidi ya upendo, na alilete jambo hilo katika Kitubio. Mkono wa amani kanisani vilevile hautolewi kwa sababu mwenzako amestahili. Unatolewa kabla ya Komunyo kwa sababu nyote wawili hamstahili.

Mshindi anadaiwa zaidi. Rehoboamu alikuwa mfalme halali, mwana wa Sulemani, na wazee walimshauri aseme na watu kwa upole, awatumikie. Akawasikiliza vijana aliokua nao, akajibu kwa ukali, na makabila kumi yakaondoka. Kucheka barazani, kupitisha ngoma mbele ya mlango wa aliyeshindwa, kumnyima mtu barua ya sheha au kibanda cha biashara kwa sababu ya bendera aliyoipeperusha, ni makosa ya Rehoboamu yaliyopunguzwa ukubwa ili yatoshe mtaani.

Limebaki swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, nalo ni zito kuliko yote: la mtu aliyekuwa ndani ya kituo. Amejaza fomu kwa tarakimu zisizo za kweli, au amemwondoa wakala ili asione, au ametia sahihi kwa kuogopa kibarua chake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai fidia, hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Aliyeiba kuku hurudisha kuku. Aliyeiba kura elfu moja anarudisha nini? Hofu hupunguza uzito wa kosa, wala hailifuti. Muungamishi hatamtuma mtu kwenye hatari ya maisha, na siri ya Kitubio haina tundu. Lakini atamuuliza mambo ya kufanyika: kama anaweza kukataa kazi hiyo uchaguzi ujao, kama posho aliyolipwa kwa tendo lile bado ameikalia, kama yupo mtu aliyepigwa au kufungwa kwa kuusema ukweli ambao yeye aliujua, na familia yake inaishi wapi.

Kitubio husikilizwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili, na katika parokia zote za Unguja na Pemba. Kwa maswali ya namna hii ni vema kumtafuta padre kwa miadi, si dakika tano kabla ya Misa.