Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025: Mbunge wa Kariakoo anapatikanaje, na aliyejiandikisha kijijini apige kura wapi?

Uchaguzi Mkuu ulifanyika Jumatano, Oktoba 29, 2025. Katika ujumbe mnaotutumia kutoka vijijini, maswali mawili yanajirudia kuliko mengine. La kwanza linatoka kwa wazazi: mwanangu anauza nguo Kariakoo, lakini kadi yake ya mpiga kura aliichukulia huku nyumbani, je, anaweza kupiga kura hukohuko Dar es Salaam? La pili: mtu akishindwa jimboni, kura alizopigiwa zinakwenda wapi?

Tutajibu yote mawili kwa kutumia Kariakoo kama mfano. Wengi mnapafahamu, ama kwa kufuata mzigo wa duka, ama kwa sababu una kijana anayetafuta riziki pale.

Kariakoo ipo jimbo gani?

Kariakoo ni kata ndani ya jimbo la Ilala. Jimbo hilo linachukua katikati ya mji: Kariakoo yenyewe, Gerezani, Jangwani, Mchikichini, Mchafukoge, Kisutu, Kivukoni, Upanga na Ilala. Tangu mwaka 2005 mbunge wake amekuwa Mussa Azzan Zungu wa CCM, ambaye katika Bunge lililomaliza muda mwaka 2025 alikuwa pia Naibu Spika.

Katika uchaguzi wa mwaka 2025 nchi nzima ilikuwa na majimbo 272: Tanzania Bara 222 na Zanzibar 50. Majimbo manane yalikuwa mapya, na mawili kati ya hayo yako Dar es Salaam. Kivule limetoka kwenye jimbo la Ukonga, na Chamazi limetoka Mbagala. Hii ina maana kwamba mtu anayeishi Chamazi, ambaye zamani alimpigia kura mbunge wa Mbagala, mwaka 2025 alikuwa na mbunge mwingine wa kumchagua hata kama hakuhama nyumba.

Ukifika kituoni unapewa nini?

Tanzania Bara mpiga kura anapewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Kila karatasi unaweka alama moja tu ya vema, kwenye nafasi ya mgombea unayemtaka. Ukiweka alama kwa wagombea wawili kwenye karatasi moja, kura hiyo imeharibika. Kuharibika kwa karatasi moja hakuharibu zile nyingine mbili.

Vituo vinafunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Ukiwa tayari kwenye foleni inapofika saa 10:00, una haki ya kupiga kura. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na watu wenye ulemavu hawapaswi kukaa foleni.

Mbunge lazima apate zaidi ya nusu?

Hapana. Mfumo wetu ni wa mwenye kura nyingi kuliko wenzake. Tuchukue mfano wa kubuni. Jimboni kumepigwa kura halali 10,000. Wa kwanza kapata 4,000, wa pili 3,500 na wa tatu 2,500. Mbunge ni yule wa 4,000, ingawa watu 6,000 hawakumchagua. Hakuna duru ya pili.

Kwa kiti cha Rais hesabu ni hiyohiyo. Majirani zetu Kenya wanataka mshindi wa urais avuke nusu ya kura, la sivyo wanarudia. Kwetu sharti hilo liliondolewa kwenye Katiba mwaka 2000.

Kwa hiyo wapinzani wawili wanaogombania watu walewale wanaweza kugawana kura, wa tatu akapita katikati yao. Ndiyo maana kila uchaguzi husikika mazungumzo ya vyama kuachiana majimbo.

Jambo lingine: hatuna mgombea binafsi. Ili jina lako liwe kwenye karatasi lazima udhaminiwe na chama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba zuio hilo linakiuka haki, lakini sheria bado haijabadilika.

Kura za aliyeshindwa zinapotea?

Jimboni hazimsaidii tena mgombea. Lakini kitaifa zina kazi, na hapa ndipo wengi hawapajui.

Mbali na wabunge wa majimbo, wapo wabunge wanawake wa viti maalum. Hawa hawapigiwi kura moja kwa moja na wananchi. Tume hujumlisha kura zote za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima. Chama kilichofikisha angalau asilimia 5 ya kura halali hugawiwa viti kulingana na wingi wa kura zake.

Angalia mwaka 2020. CHADEMA ilishinda jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini. Lakini kati ya viti maalum 113, ilipata 19, kwa sababu ya kura ambazo wagombea wake walioshindwa walizikusanya nchi nzima. (Baadaye chama hicho kiliwakana wabunge hao 19, kikisema hakikuwateua, na mgogoro ukafika mahakamani.) Kwa hiyo kura ya mama wa Gerezani aliyempigia mgombea aliyeshindwa Ilala iliingia kwenye kapu hilo la kitaifa. Kumbuka tu kwamba ni kura ya ubunge ndiyo inayohesabiwa hapa, wala si ya Rais.

Nani hakuwemo kwenye karatasi?

CHADEMA, ambayo imekuwa chama kikuu cha upinzani, haikuwa na mgombea mwaka 2025. Haikusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi tarehe 12 Aprili 2025, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, INEC, ikasema chama kisichosaini hakishiriki. CHADEMA yenyewe ilikuwa inadai sheria na mfumo wa uchaguzi vibadilishwe kwanza. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu tangu Aprili akikabiliwa na kesi ya uhaini. Mpiga kura aliyezoea kuiona nembo ya chama hicho hakupaswa kudhani karatasi yake ilikuwa na kasoro.

Sasa kijana wa Kariakoo apige wapi?

Kanuni ni moja: unapiga kura kwenye kituo ulichojiandikisha. Mahali unapofanyia kazi hapahusiki.

Kariakoo inalionyesha hili vizuri kuliko mahali pengine popote. Mchana mtaa wa Kongo na Msimbazi haupitiki kwa watu. Jioni mabasi yanawarudisha Mbagala, Gongo la Mboto, Kivule na Chamazi. Nyumba nyingi za zamani zimegeuka maghorofa ya maduka na stoo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wanaoijaza Kariakoo hawamchagui mbunge wa Ilala wala diwani wa Kariakoo. Wanachagua kule wanakolala, au kule kijijini walikotoka.

Je, hapo wanapoteza? Kwa diwani, ndiyo, kwa sababu mambo ya taka, mitaro na meza za machinga yanapita kwenye halmashauri ya jiji, na diwani wa Kariakoo haombi kura yao. Kwa mbunge, si sana. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 wakilalamikia kodi na ukaguzi wa stoo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Lakini sheria za kodi zinapitishwa na Bunge zima. Mbunge wa Mbagala, au wa kwenu kijijini, ana kura moja bungeni sawasawa na ya mbunge wa Ilala.

Kijana aliyejiandikisha kijijini alikuwa na nafasi ya kuhamisha taarifa zake wakati Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilipoboreshwa. Kwa Dar es Salaam kazi hiyo ilifanyika Machi 17 hadi 23, 2025. Kama hakuhamisha, kituo chake kilibaki cha kijijini. Akitaka kupiga kura ilibidi apande basi, na nauli aipangie mapema. Hakuna sheria inayomlazimisha kupiga kura. Uamuzi ni wake.

Fanya haya kabla ya siku yenyewe

Orodha za majina hubandikwa vituoni siku chache kabla. Nenda ukaangalie jina lako, usisubiri asubuhi ya siku ya kupiga kura. Kama kadi imepotea lakini jina lako limo kwenye orodha ya kituo hicho, mwaka 2025 INEC iliruhusu kutumia kitambulisho cha Taifa cha NIDA, leseni ya udereva au pasipoti, mradi majina yafanane.

Kura zikipigwa, zinahesabiwa palepale kituoni mbele ya mawakala wa vyama, na matokeo ya kituo yanabandikwa nje. Unaweza kwenda kuyasoma mwenyewe. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Ya urais, Katiba inasema hakuna mahakama ya kuyachunguza mara Tume ikishamtangaza mshindi.

Na wanaodhani maandalizi ya kituo ni jambo dogo wakumbuke Oktoba 29, 1995, tarehe kama hiyo, miaka 30 kabla. Uchaguzi wa kwanza baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa ulivurugika Dar es Salaam kwa vifaa kuchelewa au kutofika. Tume ikafuta uchaguzi kwenye majimbo yote saba ya mkoa, Ilala likiwemo, na watu wakarudia Novemba 19. Vyama kadhaa vya upinzani vilisusia marudio hayo.

Una swali ambalo hatujaligusa? Tutumie ujumbe mfupi, utaje kijiji na wilaya yako. Tutalijibu kwenye kipindi.