Nafasi ya Tatu Kikosini ni ya Nani?

Kila msimu wa mchujo wa Olimpiki unapowadia, ubishi mmoja huvuma katika nchi hii ya majani chai, kuanzia Kericho hadi Bomet: je, kikosi cha taifa kichaguliwe na utepe au na kamati? Wengi hushikilia kuwa watatu wa kwanza waende, basi. Mimi siiungi mkono rai hiyo, na hoja yangu ni Timothy Cheruiyot.

Mzaliwa huyu wa Bomet alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500, taji alilolitwaa Doha mwaka 2019. Mnamo Juni 2021 alishiriki mchujo wa kitaifa huko Kasarani, Nairobi, akamaliza wa nne. Charles Simotwo, Abel Kipsang na chipukizi Kamar Etyang walimtangulia. Kanuni za Olimpiki haziruhusu nchi kupeleka zaidi ya wakimbiaji watatu katika mbio hizo, wala hazimwekei bingwa wa dunia nafasi ya ziada kama yafanyavyo mashindano ya dunia yenyewe. Cheruiyot akaachwa nje.

Kilichomrejesha hakikuwa busara ya mtu yeyote. Etyang aliondolewa kikosini, si kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku, la hasha, bali kwa sababu hakuwa ametimiza idadi ya vipimo inayotakiwa kwa wanariadha wa mataifa yanayomulikwa zaidi, Kenya ikiwamo: vipimo vitatu vya ghafla, nje ya mashindano, katika muda wa miezi kumi. Nafasi yake akapewa Cheruiyot. Tarehe 9 Julai, mjini Monaco, Cheruiyot alikimbia kwa dakika 3 na sekunde 28.28, kasi ambayo hakuwa ameifikia kabla ya hapo, akamwacha nyuma Jakob Ingebrigtsen wa Norway. Tarehe 7 Agosti Mnorway huyo alilipiza kisasi katika fainali, naye Cheruiyot akatoka na nishani ya fedha katika mji ule ule wa Tokyo ambako Wilson Kiprugut wa Kericho aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964.

Watetezi wa utepe watanikumbusha kuwa Kipsang, aliyefuzu kwa miguu yake Kasarani, alikuwa wa nne katika fainali hiyo. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki mchujo ufutwe. Lakini siku moja mbaya yaweza kumfungia nje aliye bora kuliko wote. Daniel Komen alikosa tiketi ya Atlanta mwaka 1996. Kabla majira hayo ya kiangazi hayajaisha, alikuwa amekimbia mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 20.67, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 2024.

Mchuma chai huchuma majani mawili na kichipukizi kimoja. Nasi tuwachukue wawili wa kwanza bila swali, na nafasi ya tatu wapewe wateuzi. Najua kinachohofiwa: kamati ikipewa nafasi, ndugu na marafiki hupenya. Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo vigezo viandikwe na kutangazwa kabla ya mchujo: muda bora wa msimu, nafasi katika mashindano makubwa ya karibuni, na hali ya afya. Baada ya uteuzi, sababu zichapishwe magazetini ili aliyeachwa ajue ameachwa kwa nini.

Hata hivyo, anayenisikitisha zaidi katika kisa hiki ni Etyang. Mkimbiaji hawezi kujiitia kipimo cha ghafla, hungoja apimwe. Kijana aliyewashinda wakubwa uwanjani alipoteza safari kwa hesabu ambayo haikuwa mikononi mwake, nasi huku Bomet, kwa furaha ya kumwona wetu amerejea, hatukumlilia.

Michezo ya Los Angeles itaanza Julai 2028. Sharti la miezi kumi likidumu, basi hesabu ya vipimo yaanza Septemba 2027. Chama cha Riadha kiwe kimewaorodhesha kufikia wakati huo wote wanaoweza kufuzu, pamoja na wale chipukizi ambao majina yao hayajasikika.