Nani Mwamuzi wa Manju?

Pamba ikishauzwa na vihenge vikishajaa, kati ya Juni na Agosti, nchi ya Wasukuma huingia katika majira ya mbina, yaani ngoma. Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, wilaya ambazo mwaka 2012 zilifanywa mkoa wa Simiyu, zinajulikana nchini kote kwa pamba. Zao lao la pili halipelekwi kwenye mizani. Zao hilo ni nyimbo.

Tumeona yafaa kulizungumza jambo hili kwa sababu, tangu muongo wa kwanza wa karne hii, vijana wengi wa kanda ya ziwa wamefunga safari kwenda Mwanza kupanga foleni mbele ya waamuzi wa mashindano ya kuimba yanayoonyeshwa katika runinga. Kijana wa Bariadi anayerudi kutoka huko bila kuchaguliwa huambiwa hana kipaji. Sisi twajiuliza: nani amesema hivyo, na amepima kwa kipimo gani?

Utaratibu wa mashindano hayo, kwa msomaji asiyeyafuatilia, ni huu. Yalipata umaarufu mkubwa Uingereza mwaka 2001 kwa kipindi cha Pop Idol, na mwaka uliofuata yakavuka bahari kwenda Marekani. Maelfu hujitokeza, kila mmoja hupewa dakika moja au mbili, wengi hurudishwa makwao, na baadhi yao hurudishwa kwa kejeli, maana kejeli nayo huuza kipindi. Wachache wanaosalia hufundishwa kusimama, kuvaa na kutoa sauti. Kisha kila juma mmoja au wawili huondolewa kwa kufuata kura ambazo watazamaji huzipiga kwa simu. Nairobi ilipata Tusker Project Fame mwaka 2006, na Valerie Kimani wa Kenya akawa mshindi wa kwanza. Kwetu Tanzania ni Bongo Star Search ya Rita Paulsen, iliyompa ushindi Walter Chilambo mwaka 2012.

Hatuna ugomvi na vipindi hivyo. Vimewatoa gizani vijana ambao pengine wangebaki kuimba bafuni. Lakini mambo mawili hayana budi kutajwa. La kwanza ni kwamba mshiriki, kwa sehemu kubwa, huimba nyimbo za watu wengine. Kinachopimwa ni koo lake, wala si akili yake ya kutunga. La pili ni kura. Kila ujumbe wa simu una bei, na mwenye salio la kutosha aweza kumpigia ampendaye kura kumi kabla jirani yake hajapiga moja. Mtazamaji ameketi sebuleni. Hakuna ajuaye kama aliusikiliza wimbo au alikuwa jikoni.

Sasa tuutazame uwanja wa Usukuma. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, hutaja asili yao kwa mafundi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao yasimuliwa kwamba walishindana ili ijulikane dawa ya nani ina nguvu zaidi. Ushindani huo haujaisha mpaka leo. Siku ya shindano vikundi viwili huingia katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja na upande wake. Hakuna kupokezana zamu. Watu wako huru kwenda huku na kurudi kule, na kundi linalozungukwa na umati mkubwa zaidi ndilo mshindi. Kura hapa hupigwa kwa miguu, wala haiwezi kupigwa mara kumi na mtu mmoja, kwa kuwa hakuna awezaye kusimama mahali pawili.

Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, haendi uwanjani na wimbo wa kuazima. Hutunga mwenyewe, humsema mpinzani wake, huwasema wavivu, huutaja mwaka wa njaa na mwaka wa pamba nzuri. Akiimba maneno makavu, watu humgeuzia kisogo mbele ya macho yake. Twadhani hakuna mwamuzi wa runinga, hata awe mkali namna gani, awezaye kutoa hukumu chungu kama hiyo.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba umati haukosei. Wapo wachezao na chatu, wapo wanaotoa vinyago vya kuchekesha, wapo wa bugobogobo wanaorusha majembe hewani. Na mara nyingine mtunzi hodari hubaki peke yake kwa kuwa ng'ambo ya pili nyoka ametolewa kikapuni. Wenyewe husema ni dawa ya kuvuta watu. Sisi twasema ni mbinu za uwanja, na runinga nayo inazo zake: taa, moshi na machozi ya mama mzazi.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawatayaona haya kuwa mageni. Visiwa vyao vilikuwa na runinga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ishirini kabla ya Bara. Lakini mashindano ya nyimbo waliyajua zamani zaidi. Wazee wa Ng'ambo wanakumbuka jinsi Sahib el-Arry na Nuru el-Uyuni, vikundi vya taarab vya akina mama, walivyopigana vijembe, na jinsi mji mzima ulivyogawanyika kusubiri jibu. Nani aliyeshinda? Mji ndio uliojua.

Hapa ndipo tunapopenda kusema na maofisa wetu wa utamaduni. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, na Baraza la Sanaa la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Nia ilikuwa njema na ingali njema. Lakini tumezoea kuona vikundi vya ngoma vikiitwa katika sherehe, kila kimoja kikipewa dakika chache mbele ya jukwaa, kimeelekezwa kwa mgeni rasmi, huku wananchi wakitazama migongo ya wachezaji. Waamuzi huandika alama katika karatasi. Huo ni utaratibu wa runinga bila runinga. Manju aliyezoea kuvuta umati kwa saa nyingi atafanya nini kwa dakika tano, mbele ya watu waliokatazwa kuondoka vitini?

Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada aliyaingiza mashindano ya Bagika na Bagalu katika sikukuu ya Bulabo bila kuuvunja utaratibu wake. Ikiwa padri mgeni aliweza, halmashauri zetu haziwezi kushindwa. Na kipindi cha runinga kinachotaka vipaji vya Simiyu kingeanza kwa kumruhusu mshiriki aimbe alichotunga, hata kama ni kwa Kisukuma, na maelezo ya Kiswahili yakaandikwa chini.

Msimu ujao, basi, Bariadi itengwe kiwanja kipana. Vikundi viwili viingie pamoja. Kiti cha mgeni rasmi kiwekwe katikati, na akiinuka kuwafuata watu, asizuiwe.