Malta Ni Ndogo Kuliko Nyamira! Panga Ziara Yako Bila Kuuza Shamba la Mzae

Wasee wa Kisii na Nyamira, mtu akisema anaenda Ulaya, akili inaruka straight hadi Ujerumani ama Uingereza. Lakini kuna nchi ndogo katikati ya bahari ya Mediterania, kusini ya Italia, inaitwa Malta, na watu wanaenda huko kutembea tu, wanakula bahari na macho, wanarudi home.

Cheki udogo wake. Malta yote ni kilomita 316 za mraba. Kaunti ya Nyamira pekee ni karibu 900. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 Nyamira. Sensa ya Malta ya 2021 ilipata 519,562. Kisiwa kikuu kina urefu wa kama kilomita 27, kwa hivyo wiki moja inatosha kabisa kuzunguka nchi nzima na basi.

Noma haiko huko. Noma iko huku kwetu, kwa makaratasi na kwa maajenti.

Viza ya kutembea sio ya kazi

Malta iliingia Umoja wa Ulaya 2004 na eneo la Schengen 2007, kwa hivyo Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Haikuruhusu kufanya kazi, hata ya kuosha vyombo. Kazi ina njia yake: mwajiri wa huko anakupa kazi kwanza, ndio kibali cha kuishi na kufanya kazi kiombwe.

Hapa ndio watu wetu wanachomwa. Ajenti anashuka mtaani amevaa suti, anaambia familia kijana aingie kama mtalii, kazi atapata akishafika. Mzae anauza robo ekari, mathe anakopa chama. Kijana akishikwa anafanya kazi bila kibali anarudishwa, deni linabaki ocha. So ajenti akikuuzia kazi, angalia kama kampuni yake iko kwa orodha ya National Employment Authority. Akikuambia viza ya mtalii inatosha kupiga kazi, huyo amekuonyesha rangi yake. Toka hapo.

Bonasi ya chai na swali la benki

Anza na pasipoti. Unajaza fomu kwa eCitizen, halafu unaenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ofisi ya uhamiaji iko hapo Kisii Town, sio lazima ukimbie Nairobi. Wanataka iwe na muda wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu.

Sasa sikiza hii vizuri. Afisa wa viza anauliza maswali mawili tu: utajilipia aje, na nini itakurudisha Kenya?

La kwanza analijibu kwa taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Mkulima wa majani chai hapa anaweza kujikwaa bila kosa. Akaunti inakaa na elfu tano mwaka mzima, Oktoba bonasi ya KTDA inaingia, ghafla kuna laki tatu. Kwa mtu hajui chai, hiyo inakaa doo ya kuazima ndio akaunti ipendeze. Usiache akisie. Weka stakabadhi za malipo ya kiwanda chako, iwe Sanganyi, Kebirigo ama Nyamache, na barua fupi ya kueleza hiyo pesa imetoka wapi.

La pili linajibiwa na maisha yako. Mwalimu aweke payslip ya TSC na barua ya likizo. Mwenye duka aweke leseni ya kaunti. Mwenye shamba aweke nakala ya hati. Umeona? Lile shamba ajenti anataka liuzwe ndilo linakusaidia kupata viza.

Hesabu ya doo na muda

Ada ya viza ni yuro 90, kama elfu 13 hivi na ushee kulingana na rate ya siku. Ukikataliwa hairudi, lakini unapewa sababu kwa maandishi na una haki ya kukata rufaa. Bima ya safari lazima igharamie matibabu hadi yuro 30,000. Weka pia mahali utalala na ratiba ya ndege. Kwa tiketi, peleka booking tu. Usilipe yote kabla viza itoke.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Jibu kwa kawaida ni siku 15, lakini linaweza kuvutwa hadi 45. Kwa hivyo kalenda ya mtu wa huku inakaa hivi: bonasi Oktoba, pasipoti Novemba, akaunti itulie hadi Februari, upeleke maombi, usafiri likizo ya Aprili. Hapo Malta jua bado ni la heshima. Julai na Agosti ni joto kali na bei iko juu.

Ukishafika

Ndege inaunganisha mahali kama Istanbul ama Frankfurt. Ukitua hutashangaa sana: Kiingereza ni lugha rasmi, magari yanakaa kushoto na plagi ni za pini tatu kama zetu. Kimalta nacho kimetoka kwa Kiarabu, so utasikia ndugu za Kiswahili: ktieb ni kitabu, suq ni soko, sitta ni sita, għoxrin ni ishirini.

Tembea Valletta, mji mkuu wenye kuta za mawe, halafu panda feri kama dakika 25 hadi kisiwa cha Gozo uone mahekalu ya Ġgantija, yamejengwa kabla ya piramidi za Misri. Wasabato na Wakatoliki, hiki ndicho kisiwa cha Matendo ya Mitume 28, pale Paulo alivunjikiwa na meli. Lakini usitarajie kijani kama ya Kitutu. Huko hakuna mto hata mmoja wa kudumu, na chinsaga sahau. Kula pastizzi, kitafunio cha jibini ama njegere, bei ni ya mwananchi.

Halafu rudi kabla siku zako ziishe. Hiyo rekodi inakusaidia ukiomba viza ingine, na bonasi ya Oktoba ijayo itakupata home, shamba likiwa bado kwa jina la mzae.